Kutoka Kampala kwa Ndege: Maswali na Majibu ya Marudio kuhusu Umbali na Muda wa Safari

Marudio haya ni ya mwanafunzi wa sekondari anayejiandaa kwa mtihani wa Jiografia au Hisabati, na ya mwalimu anayetafuta mifano ya hapa nyumbani. Vitabu vingi humpa mtahiniwa mji P na mji Q, akakokotoa kitu asichokiona. Hapa miji ina majina: Kampala, Entebbe, Nairobi, Juba, Dubai, London. Shika jambo moja tangu mwanzo. Ukiulizwa mji fulani uko mbali kiasi gani, jiulize ni umbali upi unaotakiwa. Ukiulizwa safari inachukua muda gani, jiulize ni muda upi. Alama nyingi hupotea hapo, kabla hata kalamu haijagusa hesabu.

SEHEMU A: MISINGI

Swali la 1: Ndege ya kwenda Nairobi huondoka Kampala?

Jibu: Hapana. Huondoka Entebbe, kama kilomita 40 kusini magharibi mwa katikati ya Kampala, kwenye rasi iliyoingia Ziwa Viktoria. Kampala yenyewe haina uwanja wa ndege wa kimataifa. Kololo paliwahi kuwa na kiwanja kidogo cha ndege, na watu wengi bado wanapaita hivyo, lakini leo ni uwanja wa sherehe za taifa. Ndipo bendera ya uhuru ilipopandishwa Oktoba 1962. Kajjansi, kwenye barabara ya Entebbe, kuna kiwanja cha ndege ndogo tu. Kwa hiyo swali likisema "umbali wa ndege kutoka Kampala hadi Nairobi", tazama kama mtungaji amekupa majira ya nukta ya jiji au ya uwanja wa ndege. Jiji kwa jiji ni kama kilomita 503. Uwanja wa Entebbe hadi uwanja wa Jomo Kenyatta ni kama kilomita 521. Majibu yote mawili ni sahihi, kila moja kwa swali lake.

Swali la 2: Kwa nini umbali wa barabara ni mkubwa kuliko umbali wa angani?

Jibu: Barabara hufuata ardhi, na ardhi ina maziwa, milima, miji na mipaka. Basi la Kampala kwenda Nairobi hupita Jinja, huvuka mpaka Malaba au Busia, kisha hupita magharibi ya Kenya na Nakuru hadi kuingia Nairobi. Jumla ni kama kilomita 660. Mstari wa moja kwa moja kutoka Entebbe hukata Ziwa Viktoria, ukapita karibu na Homa Bay, Kisii, Bomet na Narok, kisha ukafika Nairobi. Fungua ramani, weka rula, utaona: barabara imezunguka ziwa kwa upande wa kaskazini. Katika mtihani, taja kikwazo kwa jina. "Kwa sababu ya vikwazo" haipati alama kamili. "Kwa sababu barabara inalizunguka Ziwa Viktoria" inapata.

Swali la 3: Latitudo na longitudo zinatupaje umbali?

Jibu: Mzingo wa dunia umegawanywa nyuzi 360, na kila nyuzi moja imegawanywa dakika 60. Dakika moja ya latitudo juu ya uso wa dunia ni sawa na maili moja ya bahari, yaani kilomita 1.852. Marubani na manahodha wote hutumia kipimo hiki. Kwa hiyo nyuzi moja ni maili 60 za bahari, au kama kilomita 111.

Longitudo ni tofauti kidogo. Kwenye ikweta nyuzi moja ya longitudo nayo ni kilomita 111, lakini mistari ya longitudo hukaribiana kadiri inavyoelekea ncha za dunia. Kwenye latitudo ya nyuzi 60, nyuzi moja ya longitudo hubaki nusu ya ile ya ikweta. Ndiyo maana kanuni ya umbali kwenye latitudo moja ina kosaini ndani yake:

Umbali kwa maili za bahari = 60 × tofauti ya longitudo × kosaini ya latitudo.

Sisi tunaoishi Uganda tuna bahati. Ikweta inapita nchini mwetu, inakata barabara ya Masaka pale Kayabwe, na uwanja wa Entebbe uko dakika 3 tu kaskazini yake. Hesabu nyingi za safari zinazoanzia hapa hurahisika kwa sababu hiyo.

SEHEMU B: KUKOKOTOA UMBALI

Swali la 4: Entebbe iko 0°03′ Kaskazini, 32°27′ Mashariki. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko 1°19′ Kusini, 36°56′ Mashariki. Tafuta umbali kati yake.

Jibu: Fuata hatua.

Hatua ya 1. Tofauti ya latitudo. Uwanja mmoja uko kaskazini ya ikweta na mwingine kusini, hivyo jumlisha: 0°03′ + 1°19′ = 1°22′ = dakika 82.

Hatua ya 2. Tofauti ya longitudo. Zote ziko mashariki ya Greenwich, hivyo toa: 36°56′ − 32°27′ = 4°29′ = dakika 269.

Hatua ya 3. Karibu na ikweta dakika za pande zote mbili zina urefu uleule, kwa hiyo tumia kanuni ya Pythagoras: 82² + 269² = 6,724 + 72,361 = 79,085. Kipeuo chake cha pili ni 281.2.

Hatua ya 4. Hizo ni maili 281 za bahari. Zidisha kwa 1.852: ni kama kilomita 521.

Kwenye hatua ya 2 ndipo watahiniwa wengi huteleza. Dakika za nyuzi, kama dakika za saa, hukopwa kwa 60 wala si kwa 100. Hapa 56 inatosha kutoa 27. Ingekuwa 36°16′, ungeazima nyuzi moja na kuandika 35°76′ kwanza.

Swali la 5: Je, kanuni ya Pythagoras inafaa kwa safari yoyote?

Jibu: Hapana. Inafaa kwa safari fupi zilizo karibu na ikweta, ambapo uso wa dunia unaweza kuchukuliwa kuwa bapa. Nairobi, Kigali, Juba, Addis Ababa na Dar es Salaam zote zinakubali. Kwa Dubai kosa linaanza kuonekana, na kwa London usiitumie kabisa.

Swali la 6: Tafuta umbali wa Entebbe hadi Tel Aviv, iliyo 32°01′ Kaskazini, 34°53′ Mashariki. Tumia jibu lako kueleza kwa nini ndege za Israeli zilitua Nairobi Julai 1976.

Jibu: Miji hii miwili iko karibu kwenye longitudo moja, tofauti haifiki nyuzi 2 na nusu. Unaweza kuipuuza na kuhesabu latitudo peke yake: 32°01′ − 0°03′ = 31°58′ = dakika 1,918, yaani maili 1,918 za bahari, kama kilomita 3,550.

Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France ilitekwa nyara, ikaletwa Entebbe. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli walifika kwa ndege nne za kijeshi aina ya Hercules kuwaokoa mateka. Waliuawa mateka kadhaa, wanajeshi wa Uganda na kamanda wa makomando hao. Kwa upande wa jiografia, swali ni la mafuta: ndege ya mizigo ikiruka zaidi ya kilomita 3,500 kwa kimo cha chini ili isionekane na rada, haina mafuta ya kurudi. Nairobi, kilomita 521 tu kutoka Entebbe, ndipo palipokuwa karibu na pa kuaminika kwao. Umbali ndio uliowapitishia Kenya.

Swali la 7: Tafuta umbali wa Entebbe hadi Dubai, iliyo 25°15′ Kaskazini, 55°22′ Mashariki.

Jibu: Hii ni safari ndefu, hivyo tumia duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa mviringo wa dunia. Kanuni kamili ni ndefu, ila kwa kuwa Entebbe iko karibu kabisa na ikweta, chukua latitudo yake kuwa 0. Kanuni inabaki hivi:

kosaini ya pembe = kosaini ya latitudo ya mji wa pili × kosaini ya tofauti ya longitudo.

Tofauti ya longitudo: 55°22′ − 32°27′ = 22°55′. Kosaini ya 25°15′ ni 0.9045. Kosaini ya 22°55′ ni 0.9211. Zidisha: 0.8331. Pembe yenye kosaini hiyo ni kama nyuzi 33.6. Ukiwa na desimali zote za kikokotoo utapata maili 2,015 za bahari, kama kilomita 3,730.

Jaribu sasa kwa Pythagoras: utapata kama kilomita 3,790. Umeongeza karibu kilomita 60, umbali wa Kampala hadi Entebbe na zaidi. Mtungaji akitaka kukupima kama unaelewa kuwa dunia ni mviringo, hapo ndipo atakapokupimia.

Swali la 8: Mstari mfupi kutoka Entebbe hadi London unapita wapi, na kwa nini unaonekana umepinda kwenye ramani ya ukutani?

Jibu: Uwanja wa Heathrow uko 51°28′ Kaskazini, 0°27′ Magharibi. Angalia: Entebbe iko mashariki na Heathrow iko magharibi ya Greenwich, hivyo jumlisha longitudo: 32°27′ + 0°27′ = 32°54′. Kwa kanuni ileile utapata pembe ya nyuzi 58 na nusu hivi, kama maili 3,508 za bahari, au kilomita 6,500. Mstari huo hupita Sudan Kusini, magharibi ya Sudan, Libya na Bahari ya Mediterania, kisha Ulaya.

Ramani ya ukutani imeutandaza mviringo kwenye karatasi bapa, ndiyo sababu mstari mfupi huonekana umepinda. Kama shule yenu ina tufe, chukua uzi, bana ncha moja Entebbe na nyingine London, uvute hadi ukaze. Njia ambayo uzi unalala ndiyo duara kuu. Fanya zoezi hili kwa mkono wako mara moja na hutalisahau katika chumba cha mtihani.

SEHEMU C: MUDA WA SAFARI

Swali la 9: Taja aina tatu za muda wa safari ya ndege.

Jibu:
(a) Muda wa angani: tangu magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapoigusa tena.
(b) Muda wa ratiba: tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa uwanja wa pili. Huu ndio unaoandikwa kwenye tiketi.
(c) Muda wa mlango hadi mlango: tangu abiria anapofunga mlango wa nyumba yake hadi anapobisha hodi anakokwenda.

Entebbe hadi Nairobi ndege huwa angani chini ya saa moja. Tiketi huonyesha kama saa 1 na dakika 10. Wa tatu utauona kwenye Swali la 12.

Swali la 10: Ndege ya jeti huruka kwa zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Kwa nini basi kilomita 521 zichukue saa 1 na dakika 10?

Jibu: Gawanya: 521 ÷ saa 1 na moja ya sita = kama kilomita 447 kwa saa. Hiyo ni kasi ya wastani, nayo iko mbali na kasi ya juu, kwa sababu zifuatazo:

(i) Ndege hutembea ardhini kwenda mwanzo wa njia ya kurukia, na baada ya kutua hutembea tena hadi maegeshoni. Muda unahesabiwa, umbali hauongezeki.
(ii) Kupaa na kushuka hufanywa kwa kasi ndogo. Katika safari fupi sehemu hizi mbili hula karibu safari yote. Ndege ikimaliza kupaa, muda si mrefu inaanza kushuka.
(iii) Ndege haifuati mstari mnyoofu kabisa. Hupaa kwa uelekeo wa njia ya kurukia, ambayo Entebbe huelekea ziwani upande wa kusini, kisha hugeuka. Na Nairobi huenda ikazungushwa kusubiri zamu ya kutua.

Linganisha na safari ndefu. Tukichukua saa 5 na dakika 10 kwa Dubai, wastani ni kama kilomita 722 kwa saa. Tukichukua saa 8 na dakika 45 kwa London, wastani ni kama 743. Kadiri safari inavyorefuka, ndivyo wastani unavyosogelea kasi halisi ya angani. Kwa hiyo usikadirie muda wa safari ya Nairobi kwa kuchukua ule wa London ukaugawa kwa uwiano wa umbali. Utapata dakika 42, na ndege haitafika kwa muda huo.

Swali la 11: Taja mambo yanayobadilisha muda wa safari ingawa umbali haubadiliki.

Jibu:

Upepo. Katika latitudo za kati kuna mikondo ya upepo wa juu unaovuma kwa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege ya New York kwenda London hufika mapema kuliko inayorudi, tofauti ikikaribia saa nzima. Karibu na ikweta upepo wa juu kwa kawaida ni mwepesi, hivyo Entebbe–Nairobi kwenda na kurudi hutofautiana kwa dakika chache tu.

Anga iliyofungwa. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za kiraia. Rejea Swali la 8: mstari wa London unapita Sudan. Ndege kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zililazimika kuzunguka, zikachoma mafuta zaidi na kuongeza muda. Huu ni mfano mzuri wa kuonyesha kwamba vita vya jirani humgusa hata msafiri aliyeko Kampala.

Aina ya ndege. Ndege ya pangaboi huruka polepole kuliko jeti. Uganda Airlines hutumia jeti za CRJ900 zenye viti 76 kwa safari za kanda, na Airbus A330-800 zenye viti 258 kwa safari ndefu.

Kituo cha kati. Msafiri wa Ulaya akipitia Addis Ababa, Nairobi, Doha au Istanbul huongeza umbali, na zaidi huongeza saa za kusubiri.

Urefu wa uwanja kutoka usawa wa bahari. Entebbe iko zaidi ya mita 1,150 juu ya usawa wa bahari na Nairobi zaidi ya mita 1,600. Hewa ya juu ni nyepesi, hivyo ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kupaa. Jambo hili haliongezi muda mwingi, lakini ni moja ya sababu za kuhitaji njia ndefu. Ya Entebbe ina mita 3,658.

Swali la 12: Msafiri anatoka Ntinda, Kampala, kwenda katikati ya Nairobi. Kokotoa muda wa mlango hadi mlango na kasi halisi ya safari yake. Linganisha na basi.

Jibu: Tuchukue makadirio ya siku ya kawaida:

Ntinda hadi Entebbe kwa gari: saa 1 na dakika 15
Kufika mapema, ukaguzi, uhamiaji na kusubiri: saa 2
Muda wa ratiba ya ndege: saa 1 na dakika 10
Uhamiaji na mizigo Nairobi: dakika 45
Uwanjani hadi katikati ya jiji: dakika 45
Jumla: saa 5 na dakika 55

Umbali wa jiji kwa jiji ni kilomita 503. Gawanya kwa saa 5 na dakika 55: kasi halisi ni kama kilomita 85 kwa saa. Hiyo ni kasi ya gari dogo kwenye barabara nzuri. Katika saa hizo karibu sita, ndege imechukua saa moja na ushei. Zilizobaki zimekwenda barabarani na kwenye foleni za uwanjani.

Basi likichukua saa 13 kwa kilomita 660, wastani wake ni kama kilomita 51 kwa saa. Ndege bado inaokoa zaidi ya saa 7, lakini haiendi mara kumi ya basi kama wengi wanavyodhani.

Swali likikuuliza njia ya kupunguza muda wa safari ya Kampala–Nairobi, usikimbilie kusema "ndege yenye kasi zaidi". Ukiongeza kasi ya ndege utaokoa dakika chache. Barabara ya mwendokasi ya Kampala–Entebbe, iliyofunguliwa Juni 2018, ilipunguza muda wa safari nzima bila kugusa ndege. Ukaguzi wa haraka uwanjani nao ungefanya hivyo. Jibu la namna hii humwonyesha msahihishaji kwamba umefikiri.

SEHEMU D: SAA

Swali la 13: Entebbe na Nairobi zinatofautiana longitudo kwa nyuzi 4 na dakika 29. Kwa nini saa zao ni zilezile?

Jibu: Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, au nyuzi moja kwa dakika 4. Kwa jua, Nairobi iko mbele ya Entebbe kwa 4.48 × 4 = kama dakika 18. Jua la adhuhuri hufika utosini Nairobi kabla ya kufika Entebbe kwa dakika hizo. Lakini Uganda, Kenya na Tanzania zimekubaliana kutumia saa moja ya Afrika Mashariki, inayotangulia ile ya Greenwich kwa saa 3, ili biashara, treni na ndege zisivurugike. Mtihani ukiuliza "saa ya jua", kokotoa kwa longitudo. Ukiuliza "saa ya nchi", tumia saa rasmi.

Swali la 14: Tiketi inasema ndege inaondoka Entebbe 14:30 na kufika Nairobi 15:40. Sema kwa saa za Kiswahili.

Jibu: Saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, hivyo tofauti ni saa 6. 14:30 ni saa 8 na nusu mchana; 15:40 ni saa 10 kasoro dakika 20 alasiri. Kanuni: saa ya tiketi ikiwa 7 au zaidi, toa 6, jibu likifika 13 au zaidi, toa 12 tena. Ikiwa chini ya 7, ongeza 6. Kwa mfano 22:00: toa 6 upate 16, toa 12 upate saa 4 usiku. Na 04:10: ongeza 6 upate saa 10 na dakika 10 alfajiri. Jifunze hili hata nje ya mtihani. Aliyeambiwa "saa mbili" kwa Kiswahili akaielewa kuwa 02:00 atafika uwanjani saa sita kabla ya wakati. Kosa la upande wa pili humwachisha ndege.

Swali la 15: Ndege inaondoka Entebbe 22:00 Jumatatu na kuruka saa 5 na dakika 10 hadi Dubai. Itafika saa ngapi za Dubai? Nyingine inaondoka Entebbe 08:00 na kufika London baada ya saa 8 na dakika 45. Itafika saa ngapi Januari, na saa ngapi Julai?

Jibu: Dubai iko mbele yetu kwa saa 1. 22:00 + 5:10 = 03:10 Jumanne kwa saa za Uganda; ongeza saa 1: 04:10 Jumanne. Usisahau kuandika siku.

London: 08:00 + 8:45 = 16:45 kwa saa zetu. Januari London iko nyuma kwa saa 3, hivyo ni 13:45. Julai Uingereza husogeza saa zake mbele kwa saa 1, hivyo tofauti ni saa 2 na jibu ni 14:45. Uganda haibadilishi saa kwa majira.

SEHEMU E: HISTORIA KWA UFUPI

Swali la 16: Eleza jinsi muda wa safari kati ya Uganda na Uingereza ulivyopungua.

Jibu: Miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways zinazotua majini zilifuata Mto Nile na maziwa yetu, zikitua Butiaba kwenye Ziwa Albert na Port Bell karibu na Kampala. Safari ilikuwa ya siku kadhaa, abiria wakilala njiani. Tarehe 2 Mei 1952 shirika la BOAC lilianza safari ya kwanza duniani ya abiria kwa ndege ya jeti, Comet, kutoka London hadi Johannesburg, ikipitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Safari nzima ilichukua chini ya saa 24. Entebbe imo katika ukurasa huo wa historia ya dunia, na mwanafunzi wa Uganda anastahili kuujua. Mei 2025 Uganda Airlines ilianza kwenda London moja kwa moja, ikitua Gatwick.

Swali la 17: Taja mashirika yaliyobeba abiria wa Uganda.

Jibu: East African Airways, lililoanzishwa 1946 na kumilikiwa kwa pamoja na nchi za Afrika Mashariki, lilivunjika 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Uganda Airlines ya kwanza ilianzishwa 1976 na kufungwa 2001. Ya sasa ilianza kubeba abiria tarehe 28 Agosti 2019, na safari yake ya kwanza ilikuwa Entebbe–Nairobi, ileile tuliyoikokotoa.

SEHEMU F: JIPIME

Tumia Entebbe 0°03′ Kaskazini, 32°27′ Mashariki, na kanuni ya Pythagoras.

1. Kigali: 1°58′ Kusini, 30°08′ Mashariki.
2. Juba: 4°52′ Kaskazini, 31°36′ Mashariki.
3. Dar es Salaam: 6°53′ Kusini, 39°12′ Mashariki.

Majibu: (1) dakika 121 na 139, maili 184 za bahari, kilomita 341. (2) dakika 289 na 51, maili 293, kilomita 543. (3) dakika 416 na 405, maili 581, kilomita 1,075. Ukitofautiana kwa kilomita moja au mbili kwa sababu ya kukadiria desimali, uko salama. Ukitofautiana kwa mamia, rudi uangalie kama umetoa pale ulipopaswa kujumlisha.

Neno la mwisho kwa mtahiniwa: usikariri kilomita 521. Kariri njia ya kuipata, kisha chukua mji mwingine wowote kwenye atlasi na uifuate mwenyewe, na kalamu mkononi. Andika kipimo mbele ya kila jibu, taja umbali upi na muda upi, na onyesha hatua zako zote. Hata jibu la mwisho likikosewa, hatua sahihi zina alama zake.